Bibi, kijana na daftari la hesabu: uchambuzi wa kisa cha urafiki uliotiliwa shaka

Kwa nini kisa hiki

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni wazee wanaoishi peke yao. Mashauri mengi yanayofika mezani kwangu huja na neno moja: unyonyaji. Mara nyingi neno hilo ni la kweli, ndiyo maana silipuuzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi wanaoishi kwenye jamii hutendewa ukatili wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja, na kulaghaiwa au kunyang'anywa mali ni mojawapo ya aina hizo. Kisa hiki nacho kilianza na neno hilo hilo. Nyuma yake kulikuwa na urafiki, tena urafiki ambao nusura uvunjwe kwa nia njema.

Nakiandika kwa ajili ya maofisa wenzangu, watu wa kujitolea na watoto wa wazee. Wahusika wote watatu wameridhia kisimuliwe. Majina na mahali nimeviondoa, na baadhi ya maelezo ya kazi na familia nimeyabadilisha. Mzee nitamwita Bibi, kwa kuwa ndivyo kijana alivyomwita tangu siku ya kwanza. Wengine wawili nitawaita kijana na binti.

Usuli

Bibi alikuwa na miaka 78. Alikuwa mjane, mhasibu mstaafu aliyefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na aliishi peke yake katika nyumba ya chini ya jengo la ghorofa. Mtoto wake wa pekee, binti, aliishi mbali. Alimpigia mama yake simu kila jioni na kumtembelea kila alipopata likizo. Huyu si mtoto aliyemtelekeza mzazi. Nalisema mapema kwa sababu msomaji wa visa vya namna hii huanza kutafuta wa kumlaumu kabla hajafika katikati.

Macho ya Bibi ndiyo yaliyoanzisha mengi. Sehemu ya katikati ya retina zake ilikuwa imechakaa kwa umri. Ugonjwa huu hauleti giza totoro. Unafuta katikati ya kile mtu anachokitazama na kuacha kingo, kwa hiyo ukimkazia mwenzako macho usoni, uso ndio unaopotea na mabega yanabaki. Wagonjwa wengi hujifunza kugeuza kichwa kidogo ili kumwona mtu kwa pembe ya jicho. Bibi alikuwa amejifunza hivyo bila kumweleza jirani hata mmoja. Jengo zima likamjua kama bibi mwenye maringo, anayetazama watu kwa upande na asiyejibu akipungiwa mkono. Alikuwa ameacha kusoma, ameacha kuandika hesabu za nyumba, na hatimaye akaacha hata kukaa nje jioni.

Kijana alikuwa na miaka 24. Alikuwa amemaliza chuo na hakuwa na ajira. Alipanga chumba ghorofa ya juu, na kodi aliipata kwa kutengeneza simu za watu kwenye meza yake ya kulia. Wenzake wa chuo walikuwa wametawanyika. Simu yake ilijaa namba, lakini jioni hakujua ampigie nani.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Robert Weiss alitenganisha upweke wa kukosa mtu wa karibu na upweke wa kukosa kundi la kujiona umo. Bibi, tangu afiwe na mumewe, alikuwa na huo wa kwanza. Kijana alikuwa na wa pili. Nataja jambo hili kwa sababu watu wote niliowahoji, jirani, binti, hata wenzangu ofisini, walizungumza kana kwamba mpweke alikuwa mmoja tu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inaonyesha kuwa kati ya asilimia 17 na 21 ya watu wa miaka 13 hadi 29 husema wanahisi upweke. Kijana wa ghorofa ya juu alikuwa na shida yake mwenyewe, ila hakuna aliyeitambua kama shida.

Mambo yalivyokwenda

Siku moja Bibi alipokea barua ya pensheni iliyomtaka athibitishe taarifa zake. Kioo chake cha kukuzia maandishi hakikumsaidia. Akasimama chini ya ngazi kumngoja yeyote atakayepita, na aliyepita ni kijana.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe unaweza kusoma maandishi madogo?"

Akamsomea. Alipomaliza akamuuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine pale aliyewahi kumuuliza: "Bibi, mbona unanitazama upande?"

"Nikikutazama moja kwa moja unapotea, mwanangu."

Bibi alitaka kumlipa. Kijana akakataa, na Bibi akaudhika kwelikweli, maana hakuwa amezoea kupewa kitu bure. Akamwambia, kama hataki pesa basi alete kazi yake aione. Kijana hakuwa na cha kuleta isipokuwa boksi la viatu lililojaa risiti. Bibi akamuuliza mwezi uliopita alipata kiasi gani. Hakujua. Kijana aliniambia baadaye kwamba kwa Bibi alirudi kwa ajili ya aibu ya swali lile, wala hakuwa akimwonea huruma.

Walinunua daftari kubwa la hesabu na kalamu nene ya wino mweusi. Kijana aliandika tarakimu kubwa, mistari michache kwa kila ukurasa. Bibi aliliinua daftari na kuliegemeza kwenye fremu ya dirisha, akageuza kichwa hadi mwanga uangukie pale alipotaka, kisha akashuka na safu kwa kidole huku midomo ikicheza bila sauti. Alipofika chini alitaja jumla. Kijana alihakiki kwa kikokotoo cha simu, na kwa muda mrefu hakumkuta amekosea. Niliwaona wakifanya hivyo mara kadhaa. Kidole chake kilisimama kwenye tarakimu yenye kasoro kabla macho yangu mazima hayajaifikia.

Baada ya wiki chache kidole hicho kilisimama kwenye vioo vya simu. Kijana alikuwa akihesabu bei ya kioo peke yake. Nauli ya kukifuata hakuiingiza, wala vioo vilivyovunjika mikononi mwake wakati wa kuvibandika. "Mwanangu," Bibi akamwambia, "kwenye vioo wewe ndiye unayewalipa wateja."

Kuanzia hapo mazungumzo yalipita hesabu. Bibi alisimulia ofisi za zamani, mumewe, na kosa moja la kikazi alilowahi kulificha kwa miaka. Kijana alisimulia ugomvi wake na baba yake. Alimfundisha Bibi kurekodi ujumbe wa sauti, na wa kwanza Bibi akamtumia binti yake. Huo nao uliingia kwenye uchunguzi wangu, kama nitakavyoeleza.

Kwenye mwezi wa saba Bibi alijitolea kumkopesha kijana pesa za kununua vifaa bora. Kiasi chenyewe kililingana na pensheni yake ya miezi miwili. Kijana alikataa mara mbili. Bibi akaweka masharti: marejesho 10, hakuna riba, kila kitu kiandikwe kwenye daftari na wote wawili watie saini. Kijana akakubali. Walikwenda benki pamoja, Bibi ameshika mkono wa kijana kwa sababu ya ngazi. Hawakumwambia binti. Bibi aliona pesa ni zake, na kijana aliona si mahali pake kusema.

Binti alipokuja likizo alikuta kwenye taarifa ya akaunti pesa nyingi zimetolewa kwa siku moja. Jirani akamweleza kwamba kijana wa juu hushinda kwa mama yake na kwamba aliwahi kumwona akimwongoza kuingia benki. Usiku huo akagundua pia kwamba kijana anajua namba ya siri ya simu ya mama. Ukiziweka taarifa hizo tatu pamoja, ofisa yeyote mwenye uzoefu angeshtuka. Nami ningeshtuka.

Kesho yake binti alimkuta kijana mlangoni, akamwomba kwa upole asirudi tena. Kijana hakubishana. Mama akaambiwa kijana amepata kazi nyingi. Rejesho lililofuata kijana alilipitisha kwa jirani, kwenye bahasha iliyoandikwa kiasi chake kwa tarakimu kubwa nyeusi. Jirani akampa binti, na binti akaitia mkobani hadi atakapojua la kufanya.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya mwezi. Bibi aliacha kurekodi ujumbe, akapungua uzito, akawa analala mchana. Binti aliona mabadiliko hayo na kuyatafsiri kuwa majeraha ya kutapeliwa. Ndipo akaja ofisini kuomba mama yake alindwe.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzungumza na Bibi peke yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Binti hakupenda. Alihofia mama ataumia akisikia. Lakini anayedaiwa kudhurika ndiye wa kusikilizwa kwanza, na mtu mzima huhesabiwa kuwa na uwezo wa kuamua mambo yake hadi ithibitike vinginevyo. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kufanya maamuzi imeliweka jambo hili wazi kuliko nyingi nilizosoma: mtu hahesabiwi kuwa hana uwezo kwa sababu tu uamuzi wake unaonekana wa kijinga kwa wengine. Macho mabovu yanamzuia mtu kusoma. Hayamnyimi akili ya kukopesha.

Nilimwomba anieleze mkopo. Akataja kiasi, tarehe, idadi ya marejesho na salio, bila daftari. Kisha yeye akaniuliza: "Amelipa la pili?" Nilimjibu kwamba amelipa. Alinyamaza kidogo, akauliza pesa ziko wapi. Ilibidi binti aitwe na afungue mkoba.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuhakiki karatasi. Daftari, taarifa ya akaunti na risiti za vifaa nilivilinganisha mstari kwa mstari. Vilikubaliana. Jambo moja halikuwa sawa, nalo sikulifumbia macho: ile namba ya siri. Kijana aliijua kwa sababu yeye ndiye aliyeiweka wakati wa kumfundisha Bibi, na hakuna aliyefikiria kuibadilisha baadaye. Hakuitumia vibaya. Hata hivyo mlango ulikuwa wazi, na mtu mwingine angeupitia.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuwakutanisha wote nyumbani kwa Bibi. Kijana nusura asije. "Nikirudi nitaonekana nimefuata pesa," aliniambia. Nikamweleza kwamba asipokuja, Bibi atabaki na hadithi moja tu, kwamba alimwacha. Akaja. Bibi alimwelekeza akae upande wa dirisha, mahali anapomwona.

Sehemu kubwa ya kikao ilikuwa ngumu na ndefu, sitaisimulia yote. Kilichokigeuza ni maneno machache kati ya mama na mtoto. Binti alisema, "Mama, ungeniambia tu." Bibi akajibu, "Ungekataa." Binti akafikiri, akasema, "Ndiyo. Ningekataa." Tangu hapo watu waliacha kujitetea.

Makubaliano yaliandikwa. Mkopo uendelee. Bibi mwenyewe, kwa simu yake, ampelekee binti picha ya ukurasa wa daftari kila mwisho wa mwezi. Mkopo mpya au zawadi inayozidi kiwango walichokubaliana binti ajulishwe kwanza, na neno hilo "ajulishwe" lilijadiliwa sana, kwa sababu binti alitaka "aombwe". Bibi alikataa katakata kuomba ruhusa ya kutumia pensheni yake, nami nilikuwa upande wake. Namba ya siri ibadilishwe. Benki wanaweza kwenda pamoja, lakini kijana abaki nje ya dirisha la huduma.

Kulikuwa na pendekezo moja zaidi, na nadhani ndilo lililokuwa hatari kuliko yote ingawa lilitoka kwenye moyo mwema. Binti, baada ya kuridhika kwamba kijana si tapeli, alitaka kumlipa kila mwezi amwangalie mama. Bibi na kijana walikataa kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara pekee walipozungumza kwa sauti moja bila kutazamana. Niliwaunga mkono. Malipo yenyewe hayana ubaya. Katika mji wa Deventer, Uholanzi, makao ya wazee ya Humanitas yamewakaribisha wanafunzi wa chuo kuishi bila kodi, nao hutoa saa 30 kwa mwezi kuwa majirani wema kwa wazee. Mpango ule umekubalika kwa sababu kila mtu anajua masharti kabla ya kuhamia. Hapa masharti yangebadilika katikati ya safari. Kijana angekuwa mfanyakazi wa binti, na Bibi, aliyekuwa mwalimu wake wa hesabu, angekuwa kazi yake.

Matokeo

Mwaka mmoja baadaye mkopo ulikuwa umelipwa wote. Rejesho moja lilichelewa, na kijana alitoa taarifa kabla ya tarehe. Sasa amepanga sehemu ya kufanyia kazi pamoja na fundi mwenzake, kwa hiyo kwa Bibi haendi mara nyingi kama zamani. Bibi alinung'unika kwanza, kisha akapanga siku maalumu za daftari na kuzisimamia kwa ukali.

Kwa idhini ya Bibi, kijana aliwaeleza majirani kuhusu macho yake. Sasa wanamsalimu kwa sauti na kujitaja majina. Vijana wengine wawili wa jengo lile wamempelekea hesabu za biashara zao ndogo.

Binti na kijana hawajawa marafiki. Wanawasiliana inapobidi, kwa heshima, na inatosha.

Macho yameendelea kudhoofu. Kalamu nene haimsaidii tena Bibi. Kijana humsomea tarakimu moja moja na yeye hujumlisha kichwani. Anakosea mara chache, na akikosea hukasirika siku nzima.

Yaliyofaa

Urafiki huu ulishika kwa sababu Bibi alikuwa na cha kutoa, na kijana alikuwa na uhitaji wa kweli wa kukipokea. Hilo ndilo ninalotaka wenzangu walione kabla ya mengine yote. Huduma zetu nyingi kwa wazee zinaelekea upande mmoja: tunapeleka chakula, dawa, mtu wa kuwasomea, mtu wa kupiga nao soga. Hatuwaombi chochote. Tangu mwaka 1950 Erik Erikson alieleza kwamba mtu mzima ana haja ya kukilea kizazi kinachomfuata, na kwamba haja hiyo ikizibwa mtu hudumaa ndani. Bibi alikuwa na ujuzi wa miaka 30 uliofungiwa nyumbani. Boksi la risiti lilimfungulia.

Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu chuki baina ya makundi, alitaja masharti manne yanayowafanya watu wa makundi tofauti waelewane wanapokutana: wawe na hadhi sawa katika jambo linalowakutanisha, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wawaunge mkono. Alikuwa akizungumzia hasa ubaguzi wa rangi, lakini masharti yale yanakifaa kisa hiki. Mbele ya daftari wawili hawa walikuwa sawa: mmoja ana macho, mwingine ana ujuzi. Lengo lilikuwa moja. Kushirikiana hakukuepukika, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuikamilisha kazi ile peke yake. Sharti la nne halikuwapo, na hapo ndipo mambo yalipokatikia.

Muda nao ulifanya kazi yake. Utafiti wa Jeffrey Hall uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Miradi yetu ya kuwatembelea wazee, saa moja kwa wiki kwa miezi mitatu, haifiki hata saa 15. Kisha tunashangaa kwa nini urafiki hauzaliwi. Daftari liliwapa wawili hawa sababu ya kukutana karibu kila siku bila mmoja kuona anamsumbua mwenzake.

Maandishi ndiyo yaliyomwokoa kijana. Bila saini zile mbili, ningekuwa na neno lake dhidi ya taarifa ya benki.

Na lile swali la kuhusu kutazamwa upande. Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili, ndiye aliyeupa ubaguzi wa umri jina lake mwaka 1969. Watu huudhania kuwa ni matusi na kunyimwa kazi. Katika jengo lile ulikuwa kitu cha kila siku zaidi: watu waliona dalili ya ugonjwa, wakaiita tabia ya uzee, wakaendelea na safari zao. Mtu mmoja aliuliza, akajibiwa kwa sentensi moja.

Yaliyoshindikana

Usiri wa mkopo haukuwa uongo, lakini uliwaponza. Bibi alikuwa na haki ya kutosema. Kijana alikuwa na wajibu mwingine. Anayepokea pesa kutoka kwa mzee asiyeona vizuri anapaswa kumwomba mzee huyo amhusishe mtu wa tatu, awe mtoto, ndugu au hata ofisa, kwa usalama wa wote wawili. Akikataliwa, asipokee. Najua ushauri huu ni mkali, na kijana naye aliona hivyo nilipomwambia.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kumwambia Bibi uongo kwamba kijana ana kazi nyingi. Familia hufanya hivi kila siku kwa jina la kumpumzisha mzee. Bibi hakupumzika. Kwa zaidi ya mwezi alibaki kuchagua kati ya mawazo mawili: ama kijana ametoroka na pesa, ama amemchoka. Ripoti ile ya 2025 inahusisha upweke na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka duniani. Baada ya kuisoma, siwezi tena kuandika "mtuhumiwa atenganishwe na mzee" kana kwamba ni tahadhari isiyo na gharama. Kuna wakati kutenganisha ni lazima, na bila kuchelewa. Ila mzee aambiwe kwa nini.

Jirani aliyaona yote, akayapeleka kwa binti. Hakuwahi kugonga mlango wa Bibi. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Fomu zetu pia zinachangia. Zina nafasi ya mhanga, mtuhumiwa na mlezi. Mtu ambaye si ndugu, hajaajiriwa, na bado ni wa maana kuliko wengi katika maisha ya mzee, hana mahali pa kuandikwa. Ofisa mgeni anayefungua faili humkuta kijana kwenye safu ya watuhumiwa kwa sababu safu nyingine hazimtoshei.

Nilivyotofautisha

Wenzangu huniuliza nilijuaje kwamba huu si utapeli wa mtu mvumilivu. Nilitazama kwanza kama dunia ya Bibi ilipungua au iliongezeka tangu kijana aingie. Mtu anayenyonya humtenga mzee: simu hazipokelewi, ndugu wanasemwa vibaya, wageni wanapungua. Huyu alimfundisha Bibi kumtumia binti ujumbe wa sauti. Nikatazama pia kama Bibi anaweza kumwambia hapana. Kwenye daftari kulikuwa na mstari ambapo kijana aliomba kuahirisha rejesho ili aongeze bidhaa, na pembeni, kwa mwandiko uliopinda wa Bibi: "Deni kwanza." Na nilipoomba kuona risiti, kijana alileta boksi zima siku ile ile bila kuuliza nazitafuta za nini.

Hakuna dalili moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Matapeli wengine hutunza risiti vizuri sana. Na mtapeli mara nyingi si mgeni wa ghorofa ya juu hata kidogo. Ni mtu wa karibu, ndugu akiwemo, ambaye hakuna jirani wa kumtilia shaka akimwona anaingia benki na mzee.

Lililobaki

Akili ya Bibi ni timamu hadi leo. Swali la itakuwaje isipokuwa hivyo alilileta mwenyewe, kwenye kikao cha mwisho. Alitamka, kijana akaandika, nami nikashuhudia: siku daktari atakaposema hawezi tena kusimamia pesa zake, binti atazisimamia peke yake, na daftari lifungwe. Kuhusu kijana kuja kumwona, alitaka iandikwe kwamba hatazuiwa na mtu yeyote. Karatasi hiyo haina nguvu ya kisheria juu ya nani aingie nyumbani kwa nani. Imewekwa kwenye faili kwa ajili ya ofisa atakayelifungua baada yangu.

Binti aliisoma mara mbili kabla ya kutia saini, akaomba sentensi moja ibadilishwe. Palipoandikwa "hatazuiwa", sasa panasomeka "hatazuiwa bila Mama kuulizwa kwanza".